Neno Nililoliuza Nusu

Habari ya kifo cha fundi Mihayo ilinifikia mara mbili. Mara ya kwanza alfajiri, kwa simu ya mkewe kutoka Kigwa. Mara ya pili saa mbili asubuhi, nikimenya mihogo, kwa simu ya Shabani kutoka Dar es Salaam, ambaye alianza kwa kuzunguka kama desturi inavyotaka, mara uko wapi, mara umekaa au umesimama. Nilimwacha azunguke mpaka akafika. Sikumwambia kwamba habari ninayo tayari. Najua habari ikija kwa njia mbili haiwi vifo viwili, lakini ndani yangu kuna kitu kisichoamini mpaka upande wa pili nao useme. Siku ya maziko Shabani alikuja. Yeye ni Mzaramo, Mihayo alikuwa Mnyamwezi, na watu hawa ni watani tangu enzi za misafara. Mtani msibani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Aliweka kiganja juu ya jeneza akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, “Mnyamwezi, umebeba mizigo ya watu maisha yako yote. Safari hii unabebwa wewe, na usithubutu kulalamika kwamba tunakutikisa.” Watu walicheka machozi yakiwatoka. Kisha akaja kukaa kando yangu kwenye benchi, mvi zimeshamwingia kidevuni, akaniuliza, “Dada Mwaju, unaukumbuka mwaka ule?” Nikamwambia siukumbuki. Niliwahi kuwa mchuuzi. Mchuuzi hataji bei yake ya kweli mara ya kwanza.

Naukumbuka. Ukoo wangu nitauruka. Watu wa Gongoni, hapa Tabora, wanaujua, na wengine hautawasaidia kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nauza viatu vya mtumba sokoni mwaka wa nne, na wenzangu waliniita Mara Mbili kwa sababu kila robota likifunguliwa nilihesabu, kisha nikahesabu tena. Kiatu ni kitu cha ajabu: ukipoteza kimoja umepoteza viwili. Siku moja mama mmoja mnene, mpole, mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alisimama mbele ya meza yangu akanitazama kwa muda mrefu. “Binti, mbona unarudia? Si umeshapata ishirini na nne?” Nikamjibu, “Nimepata mara moja tu, mama.” Alikuwa Mama Salome, mwenye kampuni ndogo ya kufunga na kutengeneza majokofu ya chanjo, sola na kompyuta katika zahanati za mkoa mzima. Alinunua raba jozi moja, nikampunguzia kidogo, akaniambia Jumatatu nifike ofisini kwake na kalamu.

Ofisi ilikuwa ghala la zamani karibu na stesheni, kuta za udongo nene kiasi kwamba jua la Oktoba liliishia nje likachoka. Walisema enzi za misafara mizigo iliyotoka Ujiji ililala humo ikisubiri wapagazi wa kuipeleka pwani, na mimi nilipoingia mara ya kwanza, kutoka kwenye mwanga wa nje kuingia giza lile la baridi lenye harufu ya vumbi na nyaya mpya, nilihisi kama naingia ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Mlangoni palibandikwa karatasi: DAWATI LA TIKETI. Kwa hiyo nusu ya siku ilikuwa ya abiria waliotafuta tiketi za treni. Mama mmoja akaniuliza, “Binti, ya Kigoma inatoka saa ngapi?” Nikasema, “Mama, hapa ni tiketi za vitu vilivyoharibika.” Akashusha kapu lake. “Basi niandikie. Na behewa letu limeharibika.”

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kifaa kikileta shida kilipewa tiketi: namba, mahali, ugonjwa, na hali yake, yaani iko wazi, inashughulikiwa, au imekwisha. Zahanati zilikuwa za shirika moja kubwa lenye makao Dar, na shirika lilikuwa na mfumo wake wa tiketi. Sisi tuliokwenda kutengeneza tulikuwa na wetu. Mifumo miwili, ugonjwa ule ule, na haikusalimiana. Mezani kwangu palikuwa na kompyuta mbili, kushoto yetu, kulia ya Dar, na mimi katikati kwenye kiti cha kuzunguka, nasoma huku naandika kule, nasoma kule naandika huku, shingo ikigeuka kama ya mtu anayetoa salamu mwisho wa swala, ila salamu zangu ziliendelea tangu asubuhi mpaka alasiri. Jioni nilihesabu tiketi zilizo wazi kushoto, nikahesabu za kulia. Zikipishana hata moja sikutoka mpaka niipate. Watu waliona ni kazi ya punda. Mimi niliipenda. Feni lilikata hewa polepole, fundi cherehani jirani aligombana na wateja wake upande wa pili wa ukuta (“Nimesema Ijumaa, sikusema Ijumaa ipi”), na mambo ya mbali yalipita mikononi mwangu yakienda mashariki na magharibi: jokofu la Choma, betri ya Goweko, kompyuta ya mahali nisipopajua ambayo panya wameingia. Wakati mwingine mchana, joto likizidi, nilisahau kama mimi ndiye ninayeyasukuma au yananisukuma.

Maneno ya mafundi yalikuja kwa ujumbe wa simu, na aliyeandika vizuri kuliko wote alikuwa Mihayo. Alikuwa na umri wa kunizaa, mwalimu wa kwaya wa Kimoraviani kwao Kigwa, mtu mrefu mwenye kupinda kidogo mlangoni hata pale ambapo mlango ulikuwa mrefu. Jumatatu akija mjini kuchukua vifaa tulikula naye kwa mama ntilie wa nyuma ya stesheni, wali maharage, au msimu wa mvua ugali na uyoga aliokuja nao mwenyewe kwenye kikapu akimwambia mama ntilie namna ya kuupika, jambo ambalo mama ntilie hakulisamehe hata siku moja. Kwenye meza ile ndipo nilipolijua neno lake. Alikuwa ameniandikia, “Jokofu limefungwa,” na mimi, mgeni, nikaifunga tiketi kama iliyokwisha. Siku ile alikuja na ujumbe wangu wazi kwenye simu. “Mwanangu, nani kakwambia imekwisha?” “Si umesema umefunga, fundi?” “Nimefunga. Skrubu nne ukutani. Limefungwa, limekaa. Lakini halijawaka, betri haijaja.” Tulicheka mpaka tukapaliwa. Kufunga kwake ni kukaza kitu mahali pake. Kufunga kwangu ni kumaliza shauri. Tangu siku hiyo kila nilipoona neno lile nilimpigia: “Limefungwa la bisibisi au la kwisha?” Akanijibu, “La bisibisi, mwanangu,” na tiketi ikabaki wazi. Kwenye mifumo yote miwili hapakuwa na mahali palipoandikwa hilo. Lilikuwa kichwani mwangu tu.

Mvua zilipoanza kukolea akaja Shabani. Shirika lilimtuma kutoka Dar ajenge alichokiita daraja, kitu kitakachosoma mfumo mmoja na kuandika mwingine chenyewe, kila baada ya dakika tano, bila shingo ya mtu kugeuka. Alikuwa kijana mwembamba wa shati jeupe lililochafuka vumbi jekundu siku ya kwanza na halikupata kuwa jeupe tena. Mihayo alimkuta amekaa kwenye kiti changu. “Nasikia wewe Mzaramo.” “Ndiyo, mzee, shikamoo.” “Marahaba ya nini? Mtani haamkiwi na mtu aliyekalia kiti cha mwenzake. Nani alikupa kompyuta? Utaitia nazi.” Shabani hakukawia. “Na wewe Mnyamwezi shusha huo mzigo, misafara ilishakwisha. Siku hizi tunatuma kwa waya.” Mihayo akaangua kicheko, na kuanzia hapo walitukanana kila Jumatatu kwa upendo ambao sijauona hata kwa ndugu.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimeshafanya hesabu, mara ya kwanza na ya pili, na jibu lilikuwa moja: daraja likisimama, mimi sina kazi. Siku moja kabla ya chakula cha mchana Shabani alifungua jedwali lake. Upande mmoja hali za mfumo wa Dar, upande wa pili mahali pa kuandika maneno ya mafundi wetu, ili daraja lijue neno lipi la ujumbe lina maana ya hali ipi. “Dada Mwaju, wewe ndiye unayeyajua. Kazi ikiisha kabisa mafundi wanaandikaje?” Nilikitazama kidole chake juu ya kibodi. Nje treni ya mizigo ilikuwa inapangwa, mabehewa yakigongana moja baada ya jingine, mlio unaotoka mbali ukija karibu. Nikasema, “Wanaandika imefungwa, au limefungwa.” Akaandika yote mawili. “Hayana maana nyingine?” “Andika hivyo hivyo.” Ilikuwa kweli, lakini nusu. Sokoni hatumwonyeshi mteja robota zima. Unamwonyesha kiatu cha kushoto, cha kulia unakibakiza chini ya meza mpaka mkubaliane. Nilibakiza ile maana ya bisibisi. Nilijua siku moja daraja litajikwaa juu yake, jambo dogo, tiketi mbili tatu kuchanganyikana, na watakuja kuniuliza Mara Mbili, hii imekuwaje, nami nitakuwa na bei.

Ajabu ni kwamba bei ilikuja kabla sijaidai. Mama Salome alifurahishwa na daraja, akasema litahitaji mtu wa kulisimamia, na kwamba mwezi ujao atanipa cheo hicho. Nikafurahi, na kile kiatu cha chini ya meza nikakisahau. Nasema nikakisahau, nimelipima neno hili miaka mingi na bado sijui kama ni sahihi. Siku zile zilipita kama unavyoota mchana: mvua inanyesha juu ya bati, kompyuta mbili zinaandikiana zenyewe, mistari inatokea kushoto, baada ya dakika tano inatokea kulia, hakuna mkono. Sikuambiwa tena nisome ujumbe. Nilihesabu jumla tu. Kushoto arobaini na moja, kulia arobaini na moja. Nikahesabu tena, hivyo hivyo. Haikupishana hata siku moja, nami nikaenda nyumbani mapema, nikala matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na chai kwa mwenye nyumba wangu nikimsifia ustaarabu wa mashine. Sikutambua kwamba nilikuwa nahesabu uso wangu na uso wangu kwenye kioo. Mfumo mmoja ukidanganywa, daraja linaupeleka uongo kwa mwenzake kwa uaminifu, na uongo ukirudi unarudi na shahidi. Mihayo alinipigia mara moja wakati ule. “Mwanangu, betri yangu mbona haifiki?” Nikatazama jumla. “Hesabu zimelingana, fundi. Subiri treni.” Hata tiketi yenyewe sikuifungua.

Nililipata jambo lile kupitia ukuta wa mbao uliotenga chumba cha Mama Salome. Ilikuwa Jumanne, Mama Salome yuko kwenye simu na Dar, na sauti yake ya upole ilikuwa imekauka. “Nimeona. Zahanati zote tatu. Ndiyo, jina ni lake, ameandika mwenyewe kwamba limefungwa, mifumo yote miwili inasema hivyo.” Akasikiliza. “Kliniki za Jumatano tatu? Akina mama wamerudi na watoto bila chanjo?” Nikasikia kalamu yake ikikwaruza karatasi. “Hapana, simtetei. Ijumaa nitampa barua, aondoke.” Nikaifungua tiketi ya kwanza. Ujumbe ulikuwa pale, mwandiko wa mtu anayejali nukta: “Jokofu limefungwa. Bado betri.” Daraja lilichukua neno la pili likaacha mengine. Tiketi ilipofungwa, oda ya betri kule Dar ikajifuta, maana nani anapeleka betri kwa jokofu lililopona? Chini yake palikuwa na jumbe nyingine tano za Mihayo, zilizowekwa kando bila kusomwa na mtu, kwa sababu tiketi iliyofungwa haisikilizwi. Ya mwisho ilikuwa fupi: “Mwaju, mwanangu, upo?”

Jumatano nilipanda pikipiki mpaka Kigwa, matope mpaka magotini. Nilikwenda kujadiliana, sikwenda kuungama, na nisijipambe hapa. Nilikuta amekaa sebuleni, chumba kidogo chenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma na ubao wa nota za kwaya ukutani, nota za chaki zikisubiri waimbaji. Mkewe alitutengea ugali wa muhogo na uyoga, na hakukaa nasi. Mihayo alikuwa na aibu, na hilo ndilo lililonichoma moyo: mtu asiye na kosa ana aibu mbele yangu. “Wananiita fundi muongo,” alisema. “Juzi mwanamke kaniuliza njiani, wewe si ndiye uliyesema limekwisha? Jumapili sikwenda kufundisha. Nitawasimamishaje watu waimbe?” Nikamwambia akubali kosa dogo, aseme alichanganya tarehe, nami nitamsemea kwa Mama Salome apewe onyo, yaishe. Aliacha kula. “Nikubali nini, mwanangu? Niliandika limefungwa kwa sababu nililifunga. Nenda kavute, uone kama litatoka ukutani.” Nikatazama sahani yangu. Ilikuwa nafasi ya kusema, pana kama mlango wa ghala, nami nikasema uyoga mtamu. Njiani kurudi niliiweka kesi yote mezani na kuipigia bei upande huu na upande huu, cheo changu, jina lake, na kila mara nilipojaribu kupata bei ya katikati nilikuta hakuna. Vitu vingine haviuzwi nusu. Nilikuwa nimeshauza kimoja.

Ijumaa tulikuwa wanne kwenye chumba cha Mama Salome: yeye, Shabani, Mihayo amevaa suti ya kanisani, na mimi. Barua ilikuwa mezani, imekunjwa. Kabla haijafunguliwa nikaomba karatasi tatu. Nikasema, “Kila mmoja aandike maana ya limefungwa. Msioneshane.” Mama Salome alinitazama juu ya miwani, lakini akaandika, pengine kwa mazoea ya kuniona nikirudia mambo. Yeye aliandika: limekwisha. Shabani: tiketi imekamilika. Mihayo alichukua muda, akaandika kwa herufi nzuri: limekazwa ukutani kwa skrubu nne. Shabani alizisoma zote tatu, akaweka mikono kichwani. “Lakini mimi niliuliza,” alisema polepole. “Niliuliza kama yana maana nyingine.” Nikasema, “Uliniuliza mimi. Nilijua, nikanyamaza. Nilitaka daraja likwame mnihitaji.” Mama Salome aliirudisha barua ndani ya droo. Aliniambia, bila ukali, kwamba cheo kile hawezi kunipa, na kwamba nimalize mwezi. Nikasema sawa. Ndiyo mara pekee maishani nimekubali bei ya kwanza.

Mihayo hakunitazama. Alimuuliza Shabani, “Betri zinakuja lini?” Shabani akasema atazipigania zipande treni ya Jumapili. Walianza hapo hapo kutafuta neno jingine, na Mihayo akasema jokofu lisihesabiwe limekwisha mpaka nesi mwenyewe atie mkono ndani na kuandika “limepoa.” Shabani akaandika hilo kwenye jedwali, na mpaka leo nasikia mafundi wa njia ile hata kompyuta ikipona wanaripoti kwamba imepoa. Tulipotoka nje, kwenye mwanga ule unaoumiza macho baada ya giza la ghala, nilimfuata Mihayo nikamwita. Alisimama. “Kumbe Jumatano ulipokula kwangu ulikuwa unajua.” “Nilikuwa najua, fundi.” Alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza sauti iliyopotea nota. “Mimi usiniombe radhi leo, nitakupa kwa hasira. Jumatano ijayo napeleka betri ya kwanza. Utakuja, ukawaambie wale akina mama kwa mdomo wako nani alisema limekwisha.”

Nikaenda. Ilikuwa zahanati moja mbele ya Kigwa, sitaitaja, nyumba ndefu nyeupe iliyozungukwa na mashamba ya karanga yaliyolowa. Mihayo aliingia na betri mgongoni, na baada ya muda nikasikia jokofu likianza kuunguruma nyuma ya ukuta, sauti ndogo, ya chini, kama mtu anayevuta uzi mrefu. Nesi alikuwa na sanduku la barafu lenye chanjo kutoka mjini. Alisema akina mama watachomewa kutoka humo, jokofu likipoa akiba itahamia. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, watoto migongoni, kadi zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki kwa ajili ya mvua. Mihayo alisimama pembeni, mikono nyuma. Nami nilikuwa nimejiandaa. Nikasimama mlangoni nikawaamkia, nikaanza: kwamba kuna mfumo wa Tabora na mfumo wa Dar, kwamba kati yake liliwekwa daraja, kwamba fundi Mihayo aliandika ukweli na neno lake likageuzwa, na aliyejua na kunyamaza ni mimi, yeye hakudanganya hata herufi moja. Niliona vichwa kadhaa vikigeuka kumtazama Mihayo, na mwanamke mmoja, pengine yule wa njiani, akainamisha macho na kusema kwa Kinyamwezi kitu ambacho Mihayo alikijibu kwa kuinua mkono. Nikataka kuendelea, nilikuwa nimebakiza sehemu ndefu ya majuto. Mama aliyekuwa mbele, mtoto wake akinyonya, alinikatiza.

“Dada, mashine zenu mbili ziliongea zenyewe, tumesikia. Mimi nauliza, leo mtoto wangu anachomwa, hachomwi?”

“Anachomwa leo.”

Akasogea kwenye benchi, akapiga mbao kwa kiganja mahali palipobaki wazi. “Basi kaa. Umeziba mlango, nesi hapiti.”

Nikakaa.